Waya wa Ardhi

Nakibuule alikuwa mwoga wa vitu vingi, na kila alichokiogopa alikishika kwa mikono miwili. Aliogopa moto, basi akawa anaamka usiku kuuchungulia mekoni, na kwa kuuchungulia huko akauchochea. Aliogopa nyoka, akawa anapekua kila kichaka kuhakikisha hawamo, na ndivyo alivyoumwa na nyuki. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba Mungu alimpa akili ya darasa la sita na hofu ya chuo kikuu.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapoletewa binti mwenye mimba ya miezi minane, pamoja na pikipiki.

Binti aliitwa Nabbosa. Alikuja nyumbani kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama inavyofaa. Mumewe, Ssendawula, mwashi wa kujenga nyumba huko Masaka, alimleta kwa pikipiki yake, akaiegesha chini ya paa la ghala la kahawa, akasema ataiacha hapo. Uchungu ukimshika mkewe, jirani mwenye mapacha, ambaye kila mtu alimwita Ssalongo, angemkimbiza kituo cha afya, kilomita saba za kupanda mlima. Hayo Ssendawula aliyasema akiwa amesimama kule langoni. Nakibuule aliyasikilizia jikoni, shuka usoni. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawakalii kiti kimoja, hata kivuli cha mmoja hakipendezi kumwangukia mwenzake. Anayevunja mwiko huo hushikwa na obuko, mikono ikaanza kutetemeka mpaka chai inamwagika kabla haijafika mdomoni.

Ssendawula akaenda zake. Nakibuule akabaki anakitazama kiti cha pikipiki. Kilikuwa chembamba kama ulimi wa ng'ombe. Mwanamke mwenye tumbo la miezi tisa atakaa wapi hapo? Na kwenye kona ya kinamasi, pale barabara inapolala upande, tumbo si litamvuta chini?

Mtu mwenye busara angemuuliza Ssalongo. Nakibuule hakuuliza. Jumatatu mchana, Nabbosa alipolala, alijifunga mto tumboni kwa kanga, akapanda pikipiki upandeupande, kama wanawake wanavyopanda. Akainama kushoto. Akainama kulia. Akaona haitoshi, akaanza kunguruma kwa mdomo, maana bila mngurumo utajuaje mwendo? Akapanda mlima, akashuka mlima, na alikuwa katikati ya kona ya kinamasi, mto umeteleza hadi mapajani, alipokumbuka kiti kile ni cha nani.

Alishuka kama mtu aliyekalia siafu.

Siku nzima aliitazama mikono yake. Ilitulia. Akamenya matoke, kisu hakikutetemeka. Akashukuru Mungu. Lakini kesho yake Ssalongo alikuja kuiwasha pikipiki, kama alivyokuwa akifanya kila baada ya siku chache isije ikalala. Siku za nyuma ilikuwa ikiguswa kitufe mara moja tu inanguruma. Leo ilisema, "Nywiii... nywiii... nywiii..." kwa uvivu, taa ya mbele ikafifia, kisha injini ikajitikisa mwili mzima ndipo ikawaka.

"Imetetemeka!" Nakibuule akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Itaachaje kutetemeka, nnyabo?" Ssalongo akacheka. "Siku tano haijawashwa. Betri ya pikipiki ni kama mume mvivu. Ukiiacha ikae, itakaa."

"Si ugonjwa?"

"Ugonjwa gani? Njoo uone." Akafungua kifuniko cha pembeni, akamwonyesha. "Hii ndiyo betri. Huu waya mwekundu unapeleka nguvu. Huu mweusi, unaona unavyoshuka mpaka nyuma ya injini, umebanwa kwa nati? Huo ndio waya wa ardhi. Ukishika vizuri, pikipiki ina nguvu. Usiposhika, hata uwe na betri ya lori, utapiga kitufe mpaka kidole kiote sugu."

"Ardhi gani hiyo, Ssalongo?"

"Ardhi ya pikipiki! Umeme wote lazima urudi ardhini, nnyabo."

Ssalongo alimaanisha chuma cha injini. Nakibuule alisikia udongo. Na chini ya udongo wamelala akina nani? Wazee waliouweka mwiko wa mkwe na mama mkwe. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa. Yeye kakalia kiti cha mkwe, habari imeshuka ardhini kwa waya mweusi, na wazee wamejibu kwa waya huohuo. Obuko ilimkosa yeye, ikaingia pikipiki.

Jioni hiyo alifungua sanduku lake, akakata utepe wa nguo ya gome, ile tunayowazikia wafu, kwa sababu hakuna kitu kingine kinachojua kukaa kati ya mtu na ardhi. Akachukua spana ambayo Ssalongo huiacha chini ya kiti. Akalegeza nati, akaukunja ule utepe mara tatu, akauchomeka kati ya waya mweusi na chuma, kisha akairudisha nati kwa vidole mpaka vidole vilipouma. Kwake yeye, vidole vikiuma nati imekaza. Akamaliza kwa kuiogesha pikipiki yote kwa maji ya majani ya bbombo, mmea wa kuondolea mikosi, akimimina zaidi pale penye waya. Halafu, kwa kuwa alikuwa Mkatoliki, akafanya ishara ya msalaba, asije akaonekana ameegemea upande mmoja.

Alhamisi Ssalongo alikuja tena. "Nywi..." ikasema pikipiki, ikanyamaza. "Nywi... ta." Iliwaka mara ya sita, yeye akitukana chini chini. "Betri hii inakufa," akasema. "Jumatatu nitaipeleka ikachajiwe."

Nakibuule alisikia hayo, na je, alisema neno? Alijisemea moyoni kwamba dawa ya kweli huanza kwa kuuzidisha ugonjwa. Akaiongezea maji ya bbombo.

Jumatatu ilikuwa mbali. Uchungu ulikuja Jumamosi, saa ya chai ya asubuhi.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na waendesha pikipiki wote wa kijiji, Ssalongo akiwa mbele yao na kanzu yake, walikuwa wamekwenda ng'ambo ya kinamasi kumsindikiza mwenzao kujitambulisha ukweni. Simu zao zilikuwa zimezimwa kwa heshima ya wenyeji. Bahati pekee ni kwamba siku hiyo Ssendawula alikuwa anakuja kumwona mkewe. Lori la kahawa lilimshusha njia panda, akaja kwa miguu na mfuko wa nguo za mtoto, akamkuta Nabbosa kwenye mkeka barazani, ameshika nguzo.

"Kila dakika ngapi?" akauliza.

"Kumi. Na usiniulize tena, washa pikipiki!"

Nakibuule alikuwa amekwisha kimbilia nyuma ya ukuta wa matete wa jikoni, shuka kichwani, jicho moja kwenye upenyo.

Ssendawula akapanda, akabonyeza. "Ta." Akabonyeza tena. "Nywi... ta, ta, ta." Taa ya mbele iliyokuwa inawaka vizuri ikazimika kama imeambiwa ifumbe macho. Akaachia kitufe, taa ikarudi. Akapiga honi, ikalia kama mbuzi mwenye mafua.

"Piga kiki basi!" Nabbosa akasema.

"Pedali ya kiki ilikatika mwaka jana, mke wangu, unajua."

"Na ulisema utanunua nyingine!"

"Nilisema, ndiyo."

Akaisukuma hadi kwenye njia, akatia gia ya pili, akabana klachi, akakimbia nayo, akarukia kiti. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye udongo mwekundu, pikipiki ikalala upande, yeye akalala upande wa pili. Aliporudi nayo alikuwa ametapakaa matope hadi masikioni, na sasa kitufe hakikutoa hata "ta".

"Nabbosa," ikatoka sauti nyuma ya matete, "mwulize ameumia?"

"Mama anauliza umeumia?"

"Mwambie sijaumia. Mwambie asiogope."

"Anasema usiogope."

"Mwambie mimi siogopi, ila mwambie wewe uko dakika nane sasa."

"Mnasikiana wote wawili!" Nabbosa akafoka. "Mnanipitisha mimi kwa nini?"

"Ni heshima," wote wawili wakajibu kwa pamoja, kisha wakaona aibu ya kujibu pamoja.

Ssendawula akatoa balbu ya taa ya kona, akaifungia vipande viwili vya waya, akavigusisha kwenye vichwa vya betri. Balbu ikawaka nyeupe. Vichwa vyenyewe vilikuwa safi, havikuwa na ule unga wa kijani. Akautikisa waya mwekundu, umeshika. Akamwomba Nabbosa asogee abonyeze kitufe yeye akiwa ameshikilia balbu pale pale. Nabbosa akajikokota, akabonyeza. Balbu iliendelea kung'aa kama hakuna kilichotokea. Taa ya pikipiki ndiyo iliyokufa.

"Betri ni nzima," Ssendawula akasema polepole, kama anayehesabu matofali. "Nguvu imo. Njiani ndiko inakopotea." Akakuna kichwa, akaacha matope zaidi. "Nafikiri ni mota ya kuwashia. Nitaifungua."

"Itachukua muda gani?"

"Fundi, nusu saa. Mimi mwashi... saa nzima. Pengine na nusu."

Uchungu ulikuwa umempanda Nabbosa, akajikunja juu ya tangi la mafuta, akauma kanga. Nakibuule alihesabu nyuma ya matete. Dakika sita.

Hapo ndipo alipojua. Maneno ya Ssalongo yakamrudia. Ukishika vizuri, pikipiki ina nguvu, usiposhika, basi. Alimwona mkwe wake akichukua spana na kuinama upande usio wenyewe, upande wa mota, na mahali penye kasoro palikuwa hatua moja kutoka mkononi mwake, pamefichwa na matope na ujinga wa mtu mmoja. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe kwamba mama mtu mzima alijifunga mto akapanda kiti cha mkwe wake akinguruma kwa mdomo. Angesema, kijiji kizima kingecheka mpaka mazishi yake. Wazee walisema mficha uchi hazai. Hawakusema afanyeje mama anayeficha uchi wake huku binti ndiye anayezaa.

"Nabbosa!" akaita. "Mwambie aangalie ardhi."

"Anasema uangalie ardhi."

Ssendawula akatazama chini. Akaona udongo. Akainua mguu mmoja, akaangalia chini yake. "Ardhi imefanya nini?"

"Si ardhi hiyo! Ardhi ya pikipiki! Nyuma ya injini!"

"Mama, umejuaje mambo ya—" Nabbosa akaanza.

"Mwambie nilifungua pale." Akaanza upya, na safari hii hakumtuma mtu. "Mwanangu Ssendawula, nilikalia kiti chako. Nilitaka kujua kama Nabbosa ataanguka. Nilijifunga mto, nikakalia. Kesho yake pikipiki ikatetemeka, nikaona ni obuko, nikaweka nguo ya gome pale waya unapoingia ardhini ili wazee wasi... Na majani pia. Nimemwagia majani."

Kuku mmoja alikatiza uani, akajiona amekosea, akarudi.

"Mto?" Nabbosa akasema, na katikati ya uchungu ule akaanza kucheka, akalia, akacheka. "Mama! Mto!"

Ssendawula hakucheka. Alikuwa amekwisha lala kifudifudi, mkono wake wote umeingia nyuma ya injini. Akautoa na waya mweusi unaoning'inia, na utepe wa gome uliolowa, mweusi kwa kutu. Nati ilikuwa imedondoka kwenye matope alipoanguka.

"Huu hapa," akasema. "Mama, huu hapa! Afadhali umesema. Ningefungua mota, ningefungua kabureta, ningeibomoa pikipiki mpaka kwenye chasi!" Akakwangua chuma kwa kisu mpaka kikang'aa, akaukwangua na ule mduara wa shaba kwenye ncha ya waya. "Nati hakuna. Lazima mtu aubane waya kwenye chuma, mimi niwashe kule mbele. Nabbosa hawezi kuinama."

Wakatazamana wote watatu, yaani wawili wakatazamana na jicho moja likatazama kwenye upenyo. Kutoka kwenye waya mpaka kwenye usukani ni urefu wa mkono. Mama mkwe kuinama hapo, mkwe amekaa juu yake!

Nakibuule akageuka, akaingia shambani. Akarudi na mti mrefu wenye panda, ule aliokuwa ameegemezea mgomba wenye mkungu mkubwa kuliko yote. Nyuma yake mgomba ulisikika ukianguka, kishindo na mkungu wake mbichi. Hakugeuka kuutazama. Akasimama hatua nne kutoka kwenye pikipiki, shuka limefunika uso wote isipokuwa jicho lile lile, akaunyoosha mti mbele kama anayechokoa nyoka shimoni.

"Kulia kidogo, mama," Ssendawula akasema, macho yake yakiwa juu ya paa kwa adabu.

"Hapa?"

"Hapo ni ekzosi. Chini. Chini zaidi. Hapo! Bana! Bana kama unamkaba mwizi!"

Akabana. Ssendawula akabonyeza. Cheche ya bluu ikaruka kwenye ncha ya mti, Nakibuule akapiga yowe lakini hakuachia, na injini ikazunguka mara mbili, kwa nguvu, bila kusuasua, ikawaka. Ililia kama kitu kilichokuwa kimezuiwa kusema wiki nzima.

"Usiondoe!" Ssendawula akapiga kelele juu ya mngurumo. "Usiondoe, niifunge kwanza!" Akashuka, akaja na kipande cha waya wa kujengea alichokuwa nacho mfukoni, akaanza kuzungusha, mikono yake ikiwa kwenye ncha moja ya mti, ya mama mkwe kwenye ncha nyingine. Wote wawili waliangalia pembeni, mmoja mashariki, mwingine magharibi. Mti mzima ulikuwa unatetemeka kwa sababu ya injini, na Nakibuule hakujisumbua kulichunguza hilo.

Nabbosa akapandishwa. Nakibuule akafungua mshipi mpana wa gomesi, gauni lake refu, akauviringisha, akautupia barazani. Ssendawula akauokota, akamfunga mkewe mgongoni pake kama mama anavyobeba mtoto. Wakaondoka polepole, wakateleza kidogo langoni, wakanyooka.

Nakibuule akawafuata kwa miguu. Kilomita saba, gomesi bila mshipi, amelishika kwa mkono mmoja lisimvuke, viatu katika mkono mwingine. Alifuata alama za gurudumu kwenye matope, na kila alipoona zimepinda moyo wake ulipinda nazo. Kwenye kona ya kinamasi alipiga magoti kabisa akachunguza. Hawakuanguka. Akakutana na mwanamke mwenye ndoo.

"Nnyabo, umeona pikipiki?"

"Nimeiona."

"Ilikuwa inalia vipi?"

"Kama pikipiki, nnyabo. Ulitaka ilieje?"

Aliendelea kupanda. Njiani alijitukana kwa majina yote aliyoyajua, na alipoyamaliza alianza upya. Sasa, akina mama wenzangu, pikipiki ikianza kusuasua asubuhi, usiitafutie mchawi kabla hujaitafutia spana. Tazama taa, inafifia ukibonyeza? Tazama vichwa vya betri. Tazama waya zote mbili zimeshika wapi. Na kama mkono wako ndio ulioharibu, sema siku hiyo hiyo, sema Jumanne, usingoje Jumamosi. Aibu ya Jumanne ni ndogo, unaweza kuibeba kichwani. Ya Jumamosi Nakibuule aliibeba kilomita saba.

Kituo cha afya alikisikia kabla ya kukiona. Pikipiki ilikuwa imesimama uani, chini ya dirisha, inanguruma peke yake, waya wa kujengea umezungushwa nyuma ya injini kama kiota cha ndege. Ssendawula alikuwa ameketi kwenye ngazi, matope yamemkaukia usoni. Alipomwona mama mkwe wake akainuka, akasogea mbali, akaangalia pembeni.

"Mbona hujaizima?" Nakibuule akauliza kutoka kwenye ua wa maua.

"Naogopa, mama. Nikiizima, tutarudije?"

"Tangu mmefika?"

"Tangu tumefika."

Kumbe na yeye ni mwoga, Nakibuule akawaza, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akampenda sana.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Akatoka mkunga, mwanamke mfupi mwenye glavu, amekasirika.

"Nani mwenye pikipiki hii? Saa nzima inatupigia kelele! Zimeni hicho kitu, mtoto anashindwa kulala!"

Hakuna aliyesogea.

"Mtoto gani?" Ssendawula akauliza.

"Kwani mlileta mgonjwa gani hapa? Wa kike, kilo tatu na ushee, mama yake mzima, anacheka tu peke yake anasema mto, mto. Zima!"

Ssendawula akamtazama mama mkwe wake usoni, waziwazi, akasahau mwiko na kila kitu. Naye Nakibuule akasahau kujifunika.

"Zima, mwanangu," akasema. "Tutasukuma."